Barua Niliyoikataa kwa Niaba ya Mama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa mwili uwe amana mikononi mwetu, na akatuongezea umri wa kujutia tuliyoyakosea. Namshukuru kwa haya macho yaliyobaki, na kwa subira yako wewe unayenisoma.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa bado kijana, fundi cherehani pale Mwanga, si mbali na kwetu, mwenyekiti wa mtaa wetu wa Ujiji alinisimamisha tulipotoka kuswali Ijumaa. Wakati huo utaratibu wa kuchangia matibabu ulikuwa mgeni kwetu. Tulikuwa tumezoea kuingia hospitali mikono mitupu na kutoka na dawa. Sasa ukifika dirishani unaulizwa pesa kwanza. Lakini serikali ilikuwa imewafikiria wazee. Aliyepita miaka sitini na hana kipato, akienda na barua ya mtaa, alitibiwa bila kulipa.

"Shikamoo, Mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Mama yako simwoni katika orodha yangu. Kesho niletee jina lake nimwandikie barua."

"Mzee, waandikie wenye shida," nikamjibu, kwa sauti ambayo waliokuwa wakivaa viatu waliisikia vizuri. "Mama ana mtoto. Mimi ninashona."

"Unashona, tunajua. Hata suruali hii inayonibana umeishona wewe." Watu wakacheka. "Lakini presha haishonwi, baba. Chukua barua."

Sikuichukua. Niliona kama nimetangazwa fukara mbele ya msikiti. Mwezi ule nikampeleka mama kliniki mwenyewe, nikamlipia dawa zake za presha kwa mbwembwe, foleni nzima inaona. Sikujua kwamba aliyekuwa akitazama kuliko wote ni mama mwenyewe.

Njiani kurudi aliniuliza, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha chao, "yule jirani yetu wa kwenye foleni, na barua yake kapewa dawa zilezile?"

"Mama, usiniaibishe," nikasema.

Mama yangu alikuwa Muha wa Kidahwe aliyeolewa Ujiji, si mtu wa kurudia neno. Tangu siku ile hakuniuliza tena habari za barua.

Miezi ikaenda. Kila nilipomuuliza kama dawa zimekwisha, alijibu, "Bado zipo, mwanangu." Nami nilifurahi. Hapo ndipo pananiumiza mpaka leo. Badala ya kujiuliza dawa za mwezi mmoja zinawezaje kufika mwezi wa pili, nilifurahi kwamba mwezi huu nimepumzika kulipa.

Asubuhi moja alikuwa akiwasaidia majirani kuanika dagaa mchangani. Akainama, asiinuke. Tulipomfikisha hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na ulimi umekuwa mzito. Muuguzi akauliza dawa alikuwa anazimeza vipi. Mke wangu akakimbia nyumbani, akarudi na kopo la dawa la mama. Ndani mlikuwa na vidonge vilivyokatwa nusu kwa kisu, nusu nyingine zimekatwa tena.

Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ana zaidi ya sitini huyu. Mbona hamkuja na barua?"

Nikalifunga lile kopo.

Mama aliishi miaka miwili baada ya hapo, bila kusema neno linaloeleweka. Nilikuwa namlisha uji kabla ya kwenda kazini. Siku moja nikaweka bakuli chini, nikamwomba radhi. Akanibana vidole kwa mkono wake wa kushoto. Mwanangu, hadi leo sijui kama alikuwa ananisamehe au alikuwa anataka maji. Ninamwachia Mola, ambaye anajua.

Sisemi barua ile ingemkinga. Ajali ya mtu, yaani siku yake iliyoandikwa, haiko mikononi mwa mwenyekiti wa mtaa. Na ukweli lazima usemwe: hata wenye barua mara nyingine waliambiwa dawa hakuna, wakatumwa dukani. Utaratibu wa wanadamu una matundu yake. Lakini mama asingekata vidonge kwa ajili ya kunihurumia, na mimi nisingekuwa sababu.

Sasa taratibu zinabadilika tena, tunasikia habari za bima kwa kila kaya. Usizichukie kabla hujazielewa, wala usizisifu kwa kusikia tu. Nenda zahanati ya kwenu, nenda ofisi ya mtaa, uliza: nyumba yetu inastahili nini, nani ameandikwa na nani ameachwa, kipi tutalipa wenyewe. Haki iliyowekwa kwa ajili ya mgonjwa wako si sadaka, na wewe huna ruhusa ya kuikataa ili usifiwe. Na ukiwa na mzee nyumbani, usiridhike na "bado zipo." Fungua kopo utazame kwa macho yako. Wazazi wetu wako tayari kuumwa kimya kuliko kutuona tunahangaika, na ukimya wao tunauita uzima.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie wazazi wako. Walio hai awape dawa na mtu wa kuwauliza, waliotangulia awalaze pema. Akujaalie kumtumikia mama yako angali anaweza kukwambia anachotaka. Amina.