Mayai ya Watawa Yaliyoliwa Njiani Kwenda Santander

“Dazeni moja kwa watu arobaini na wanane? Nilisema hayatoshi, mkanicheka!”

“Acha hizo, Fermín. Mayai yalitosha. Watawa ndio siku hizi wanasali kwa kulipua.”

Ni saa saba na nusu mchana, Jumatatu, Palencia, kaskazini mwa Hispania. Kwenye ghorofa ya tatu, Bibi Casilda na jirani yake wa mlango wa pili, Bwana Fermín, wanarushiana maneno. Miguuni pao Visitación Treceño, ambaye mtaa mzima unamwita Visi, amepiga magoti anasugua matope ya safari ya jana. Hanyanyui kichwa.

Jana wakazi wa jengo hili, pamoja na Visi, walikwenda Santander kuona bahari. Mvua iliwapokea waliposhuka kwenye basi, ikawafuata ufukweni, ikawasindikiza mpaka walipopanda tena. Bahari waliionea dirishani mwa mkahawa, wakipangusa kioo kwa leso.

Huku kwetu, anayetaka siku yake iwe kavu huwapelekea watawa wa Santa Klara mayai, nao humwombea. Casilda aliyanunua, akamkabidhi Visi ayapeleke.

Nani mwingine? Visi ana miaka hamsini na minane. Anasafisha ngazi za majengo sita, vidato mia nne na kumi na viwili kwa siku, kwa euro mia saba kwa mwezi. Mfukoni mwake mna funguo za nyumba kumi na moja za watu.

“Jumamosi nilichelewa kutoka kazini,” ananisimulia kwa sauti ya chini, wale wawili wasisikie. “Nikakuta kidirisha ambacho watawa hupokelea vitu kimefungwa. Nikajiambia, tangu lini mvua ikajua kuhesabu mayai? Nikapika kimanda cha viazi, kila mtu aonje safarini.”

Kilichomuua ni sifa. Casilda alikula vipande viwili, akatangaza basi zima lisikie: “Visi mwanangu, mkono huo ubusiwe!” Hapo hapo tone la kwanza likagonga kioo.

“Uso uliniwaka kama nimezabwa kofi. Nikajifanya nimelala mpaka Santander.”

Sasa Fermín anavaa koti. “Nakwenda kwa watawa leo hii! Watanieleza mayai yetu waliyafanyia nini!”

Dekio linamponyoka Visi.

“Usiende, Bwana Fermín. Hawajayaona hata kwa macho. Mliyala ninyi.”

“Tuliyala wapi?”

“Kwenye basi. Kile kimanda.”

Fermín anabaki na mkono mmoja ndani ya koti. Visi anatoa shada la funguo, anatafuta wa Casilda. “Huu wako, Bibi. Mtu wa kula amana si wa kushika mlango wako.”

Casilda hauchukui. Anageuka, anaingia kwake. Visi anainamia ndoo kuficha uso.

Juni kuna safari nyingine. “Wakikubali nipande, nitanunua dazeni nne kwa pesa yangu,” ananiambia, “nami nitakaa pale kidirishani mpaka kifunguliwe. Wasipokubali, nitayapeleka vile vile.”

Mlango wa Casilda umebaki wazi. Harufu ya dengu na soseji inashuka ngazi.

“Fermín, vua hilo koti, unachekesha. Na wewe Visi, unangoja kadi ya mwaliko?”

“Magoti yamelowa, Bibi. Nitakuchafulia.”

“Jana tulilowa wote mpaka chupi. Ingia ule.”