Nzi wa Bi Salma

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nikitakiwa kwenda Nairobi, silali siku mbili. Lakini dada yangu Nyambura alikuwa na miaka minne Dubai bila likizo, na kwa simu alisema neno moja tu, kwamba yuko sawa. Mama hakuamini. Akanituma nikamtazame kwa macho.

Naif, mtaa wa Dubai, siku ya kwanza. Nililala chumba cha watu wanane, walinzi marafiki wa Nyambura, walionicheka kwa kuja na sweta.

Al Garhoud, mtaa mwingine, kesho yake saa tisa alasiri. Nyambura alifanya kazi za ndani kwa Bi Salma, mama wa asili ya Unguja aliyezaliwa hukohuko Dubai. Bibi huyo alinikaribisha sebuleni kwa heshima, akapanda juu kujitayarisha: saa kumi angekuja mtaalamu Mtaliano kukagua picha yake ya kale. Nyambura akaenda kupika chai. Nikabaki na picha.

Ilikuwa ya mwanamke wa Kizungu, paji pana, ua jekundu mkononi, na nzi ametua kwenye mkono wa gauni. Nakuru nauza chapati. Nzi ni adui yangu rasmi. Nilimpungia, hakuruka. Nikajua amekufa akagandia hapo. Nikatia mate kwenye kitambaa, nikasugua. Akatoka, lakini bila miguu wala mabawa. Alikuwa rangi tu.

Nyambura alipoingia, vikombe vililia kwenye trei. Akaninong'oneza kwamba huyo nzi ndiye alama ya mchoraji mkuu mwenyewe. Bila nzi, picha huhesabiwa ya mwanafunzi wake. Tena maana yake ni kwamba maisha ni mafupi. Yetu yalionekana mafupi zaidi: mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na pasipoti ilikuwa kabatini kwa Bi Salma.

Saa kumi. Bi Salma alishuka, akampokea mgeni wake mlangoni, akasimama mbele ya picha.

"Nzi wangu yuko wapi?"

"Ni mimi, madam," Nyambura akasema. "Nilikuwa napanguza vumbi."

Nikatazama zulia. Mwishowe nikatoa kitambaa mfukoni, nikasema ni mimi.

Mtaliano akakichukua, akakinusa, akaisogelea picha na kioo chake cha kukuzia. Alizungumza taratibu, Bi Salma akatafsiri.

"Anasema rangi ya miaka mia tano haitoki kwa mate. Ua ni la kale, ndiyo dalili ya uchumba. Nzi katiwa juzijuzi, na aliyeniuzia."

Bi Salma akakipokea kitambaa kwake. Akakikunja.

"Hiki nitampelekea huyo aliyeniuzia. Nyambura, wewe unabaki. Na wewe baba, chai yako utainywea bustanini."

Nakuru, wiki iliyofuata. Nilichojifunza Dubai nilikijulia jikoni kwetu. Nilimsimulia mama yote, nikingoja acheke. Hakuuliza kama Nyambura yuko sawa.

"Alipojitwika kosa lako," akasema, "ulinyamaza kwa muda gani?"