Hilkka na Joto la Mwamba

Hilkka Karppinen, mjane wa miaka sabini na mbili huko Kainuu, Finland, goti lilikuwa limegoma kubeba kuni. Mwanawe Ilpo alishamtafutia nyumba ya kupanga mjini Oulu, orofa ya tatu. Wakakubaliana: akipata njia ya kupasha nyumba joto bila kuni hata kwenye baridi kali ya Januari, atabaki. Akishindwa, anafunga virago. Nyumba hiyo aliingia akiwa bi harusi, na kuitoka akiwa hai hakukuwa kwenye mipango yake.

Akaja muuzaji wa pampu za joto, kijana aitwaye Joona. Alivua viatu mlangoni, akanywa kahawa kwa mkate wa iliki, akaisifia pampu inayovuta joto kutoka hewani: bei nafuu, inafungwa kwa siku moja, nusu ya kijiji wanayo. Hilkka alimwacha amalize. Kisha akamwekea mezani kalenda za jikoni za miaka thelathini. Kila asubuhi ya baridi, kabla ya kahawa, alikuwa akiandika humo kipimajoto kinasemaje na jana yake viliungua vikapu vingapi vya kuni.

"Hesabu mwenyewe, mwanangu, asubuhi zilizoshuka nyuzi thelathini chini ya sifuri."

Joona akafunua, akafunua. Mwaka mmoja zilikuwa kumi na tisa.

"Siku hizo mashine yako itavuta nini?"

"Kwa kweli, mama, kidogo sana. Ungerudi kwenye kuni."

"Nikirudi kwenye kuni, nimehama."

Hapo ndipo ninapompendea kijana yule. Hakung'ang'ania. Alipiga hesabu upya kwa vile vikapu, akamshauri achimbe kisima cha mita mia mbili kwenye mwamba, ambako joto halipungui mwaka mzima, pampu ilivute kutoka huko. Hilkka akauza miti ya kipande cha msitu wake bila kumuuliza mtu.

Siku ya kuchimba, jirani yake Veikko alikuja kuchungulia.

"Shimo lote hilo la nini? Mumeo tulimzika mita mbili tu."

"Yeye hakulalamikia baridi."

Januari ikafika, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na Ilpo akaja na maboksi garini. Akavua koti, akavua sweta, mwisho akavua na soksi za sufu. Alizunguka vyumba mpaka akafungua sebule, ambayo tangu utotoni mwake ilifungwa Oktoba na kufunguliwa Mei ili kuokoa kuni, na kwa baridi yake ikihifadhiwa nyama. Mama yake alikuwa ameandaa kahawa humo. Ilpo akakaa.

"Sijawahi kukaa humu Januari," alisema.

"Basi kaa. Na hao wenye nyumba wa Oulu wapigie simu sasa hivi."

Akapiga palepale, akawaambia nyumba wampe mtu mwingine, mama yake hahami. Hilkka akamwambia arudie, kwa sauti.