Turubai Lenye Kiraka cha Manjano

Juma lile nilikuwa najifunza jinsi kompyuta nyingi zinavyofanya kazi kama moja, jambo ambalo ndilo msingi wa hicho wanachokiita wingu. Chuo kikuu kilinipa diploma bila kunieleza hilo. Kwa hiyo nilipanga kompyuta tatu kuukuu sebuleni kwa kaka yangu, hapa Kolwezi ninapoishi naye, kila moja ikizitumia nyingine neno fupi: nipo. Moja ikinyamaza kwa muda fulani, zile mbili hukubaliana kwamba imekufa na kugawana kazi yake.

Hapo nilikwama. Somo lenyewe lilikiri kwamba kwa yule anayengoja, mashine iliyokufa na mashine ambayo ujumbe wake umechelewa njiani ni kitu kimoja. Nilichomoa waya, nikaurudisha, nikaona maiti yangu inafufuka na kukuta kazi yake mikononi mwa wengine. Muda wa kungoja uwe kiasi gani? Niliandika namba ya kukisia.

Kaka ni dereva wa lori. Alikuwa amekwenda Musumba na shehena ya mabati, na simu yake ilinyamaza baada ya kupita sehemu ya mwisho yenye mtandao. Njia ile ni matope matupu, hivyo hatukushtuka. Kisha asubuhi moja tata mudogo, mdogo wa marehemu baba, akaingia na wanaume wawili wa ukoo. Hakuketi.

"Mutoshe biti inje," alisema. "Yaya yako anafwa. Motoka yake inaanguka mu mai." Yaya kwetu ni kaka: alikuwa anasema kaka amekufa, lori lake limeanguka majini.

Shemeji, mke wa kaka, alikuwa ameinamia friza, akipanga samaki wake wa kuuza. Aliinuka polepole, kipande cha barafu mkononi.

Babu zetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na desturi walikuja nayo. Kilio kikianza, viti hutoka, mikeka huingia, na katika ukoo wetu ndugu wa mume huja kuchukua vitu vya nyumba. Kikishaanza hakirudishwi. Friza ile ndiyo iliyowalisha watoto kaka alipokuwa safarini, na wale wawili walikuwa tayari wanaipima kwa macho.

"Nani ameona?" niliuliza.

"Shangazi yako wa Dilolo anasema. Binamu yako wa Lubudi anasema. Na mi nasema. Bantu batatu! Unataka nani tena?"

Katika somo langu, wengi wakikubaliana inatosha. Lakini inatosha tu ikiwa kila mmoja anasema alichokipata mwenyewe. Nikampigia shangazi: alisikia kwa dereva mmoja. Nikampigia binamu: alisikia kwa shangazi. Na tata mudogo aliambiwa na binamu.

"Basi si watu watatu, tata. Ni mmoja."

"Uko unahesabu bantu kama bimashini! Yaya yako iko mu mai, we uko unauliza-uliza kama polisi."

"Nimpate huyo dereva kwanza."

"Mpaka saa ngapi?"

Nilikuwa tayari namwomba shangazi namba ya dereva. Jibu akalitoa yeye: "Saa sita. Kisha tunaanza."

Simu ya dereva haikupatikana. Nilipiga, nikapiga tena. Mmoja wa wale wawili akachomoa waya wa friza, kwa upole, kana kwamba anatusaidia. Maji yakaanza kuchuruzika sakafuni. Shemeji aliyatazama.

Karibu na saa sita, dereva akapokea. Nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Uliona motoka yake, tata?" nilimwuliza dereva.

"Motoka yote ilikuwa mu mai. Miliona bâche. Ile ya kipande ya jaune."

Bâche ni turubai, na kile kiraka cha manjano shemeji alikishona kwa mkono wake. Njia nzima inakijua. Tata mudogo akapiga makofi mara moja. "Unasikia sasa?"

"Lakini alibeba bati," shemeji alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Bati haiogopi mvua."

Madereva wa njia ile wana mtindo wao: mwenye mzigo usioharibika humwazima turubai mwenye chumvi au sukari. Hilo halikumfufua kaka. Lilituachia shaka tu, na kwa mara ya kwanza tata mudogo akavuta kiti na kuketi.

Alasiri simu iliita kutoka namba ngeni. Alikuwa kaka, kwa simu ya kuazima, sauti imekauka. Lori lake lilikuwa limekwama kwenye matope. Turubai lake lilikwenda na mto, pamoja na rafiki yake aliyekuwa na chumvi. Alitueleza nyumba ya rafiki huyo iko mtaa gani, mtu aende kuwapa habari.

Tata mudogo akaenda huko na wale wawili, bila kuaga. Nikarudisha waya wa friza. Shemeji alikuwa anafuta maji.

"Na kama hangepiga, shemeji?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Ungesema tungoje mpaka lini?"

Nilizitazama kompyuta zangu, zikiambiana nipo, nipo, nipo. Jioni ile niliifuta ile namba ya muda wa kungoja niliyoikisia. Mpaka sasa sijaandika nyingine.