Herufi za Mnono

Mwandishi mmoja wa mabango alikuwa mwembamba kama ufito, lakini mtaa mzima ulimwita Mnono. Utani ulitoka kwenye herufi zake. Miaka thelathini na moja aliandika kuta za mabucha, saluni na maduka ya dawa kwa herufi zilezile: nene, zimeviringwa kila pembe, zenye matumbo kama mkate ulioumuka. Hazikuwa mbwembwe. Plasta inayokwaruza humeza mstari mwembamba, na rangi huanza kubanduka kwenye ncha kali. Mteja akitaka orodha ya huduma zake zote iandikwe hivyo, Mnono alikataa katakata. "Hizi ni za kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Akishafika, mwandikie nyembamba. Zikijazana zinaumiza macho."

Sasa bega la kulia lilikuwa limekwisha. Akipanda ngazi, alisimama katikati kama aliyesahau anakwenda wapi.

Asubuhi moja binti wa kaka yake, mwenye duka la kuchapa mabango, akamfuata nyumbani na bunda la karatasi.

"Shangazi, nichoree alfabeti nzima, A mpaka Z. Nitaiingiza kwenye kompyuta."

"Ili mashine inipumzishe?"

"Bega ndilo linalokupumzisha, Shangazi. Mimi naziokota tu kabla hazijapotea."

Neno hilo lilimchoma, lakini akazipokea karatasi. Akakaa mezani siku nne. A na B zilitiririka zenyewe. Alipofika Q, brashi ikagoma. Hapo ndipo alipogundua kwamba maisha yake yote hajawahi kuandika Q. Hakuna mteja aliyeihitaji. Ya kwanza ilifanana na sufuria iliyovunjika mpini, ya pili na panya aliyelala. X nayo ikamtoa jasho: kila akiinenepesha, katikati panafanya donge. Akachana karatasi, akajitupa kitandani mchana kweupe, viatu miguuni. Kesho yake akazirudia bila hamu yoyote, zikakubali.

Miezi miwili baadaye alikwenda zahanati kwa ajili ya lile bega. Juu ya dirisha la kwanza akaziona herufi zake: MAPOKEZI, za plastiki, safi, hazina hata alama ya brashi. P na O zilikuwa zimeachana mno. Bibi aliyekaa naye kwenye benchi alikuwa amekaza macho hukohuko.

"Afadhali haya," bibi akasema. "Mengine yote humu ndani ni ukungu mtupu."

"Yanasomeka?"

"Yanasomeka, mwanangu. Aliyeandika alituonea huruma."

Kumweleza kwamba ni yeye kungemchosha Mnono. Akampigia simu binti wa kaka yake.

"Hapa zahanati, kwenye MAPOKEZI, isogeze O karibu na P."

"Jamani, Shangazi, nani ataona?"

"Mimi nimeona."

"Haya, nitakuja Jumatatu," akajibu kwa sauti ya mtu anayetaka yaishe.

Muuguzi akaita. Mnono akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, akajiinua taratibu, akaingia.