Ada Isiyorudi

Kijiji kizima cha Kaagya kinajua kwamba Rugaibula haibiwi. Miaka thelathini ya kununua kahawa, hakuna aliyemuuzia mawe. Yule hatazami juu ya gunia. Anachomeka mkono hadi chini, anang'ata punje moja, anakuambia imeanikwa siku ngapi. Majigambo yake ukiyapakia kwenye lori, lori linalala.

Sasa mjanja huyo alikuwa Kahororo, kwenye nyumba mpya zinazouzwa na kampuni, jasho linamtoka na nje mvua inanyesha. Mfukoni alikuwa na risiti ya laki tano, ada ya kushikiwa nyumba namba saba. Aliilipa wiki iliyopita kabla ya kusoma lolote, eti amshangaze mkewe. Verdiana hajui.

Verdiana hakutazama vigae wala madirisha. Alimwomba Joyness, binti wa mauzo, karatasi ya gharama zote, akaanza kuisoma kutoka mwisho.

"Huduma za pamoja, elfu sitini kila mwezi. Hadi lini?"

"Muda wote mtakaoishi hapa, mama. Mlinzi, taa, kukata majani."

"Waitu! Nilipie nyumba, kisha nilipie majani? Na mgomba sioni hata mmoja. Wakili je?"

"Ni wa kampuni, ila mnamlipa ninyi."

"Unasikia, Baba Elieza? Kahawa iko juu tu ya gunia. Na hii ya kushikiwa nyumba, mtu akighairi?"

"Hairudi, mama."

"Kuna mpumbavu anayeilipa kabla ya kuona karatasi hii?"

Joyness akamtazama Rugaibula. Rugaibula akatazama dari, akakohoa.

"Lete," Verdiana akasema, mkono umeshanyooka.

Rugaibula akaitoa risiti kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Verdiana hakugomba, aliigeuza nyuma. Maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Nisomee, binti yangu, una macho mazima."

Joyness akasoma, sauti ikipungua: ada hairudi, isipokuwa kama mteja hakupewa orodha ya gharama zote kabla ya kulipa.

"Orodha tumepewa lini?"

"Leo, mama."

"Basi mpigie bosi wako. Tunasubiri."

Rugaibula sauti ikamrudia. "Unaona, Mama Elieza? Ndiyo maana niliitunza vizuri!"

"Nyamaza, mnunuzi wa kahawa."

Bosi akasema fedha zitarudi Ijumaa. Verdiana akataka iandikwe, isainiwe, ipigwe mhuri. Rugaibula akanyoosha mkono kupokea karatasi. Ikampita, ikaingia kwenye mkoba wa mkewe, zipu ikafungwa.