Mto Wenye Tundu

Mtaani walimwita Sponji, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi makochi, na mwenyewe alikuwa laini hivyo hivyo: ukimkalia, anabonyea, ukinyanyuka, anarudi alivyokuwa, bila kinyongo. Watu wa namna hiyo humwamini kila mtu, na hapo ndipo wanapoliwa.

Alipoanza kuona damu chooni, hakumwambia mkewe. Alimwambia kaka yake mkubwa, aliyewalea yeye na dada yao kitinda mimba baada ya baba kufariki. Kaka alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bawasiri hiyo, mdogo wangu. Kutwa umekaa kwenye kigoda unapigilia misumari makochi ya watu, ulitegemea nini? Jishonee mto wenye tundu katikati, ukalie. Na usiende kumwonyesha kila mtu makalio yako!"

Sponji akacheka pia. Akakata sponji nzuri, akaitoboa katikati, akaivisha mahameli iliyobaki kwenye kochi la mteja. Watu wakamtania kwamba fundi kajitengenezea kiti cha enzi. Aliukalia mwaka mzima, na damu ikawa inakuja na kupotea.

Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali, siku alipofua nguo zake na kuona. Daktari, mama mmoja asiye na haraka, aliingiza mpira wenye kamera, akaukagua utumbo mpana, akakuta vinyama viwili. Akavitoa hapo hapo vikapimwe. Majibu yalipotoka, akamweleza taratibu: kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka. Hakijawa saratani, ila kilikuwa njiani.

"Vinyama hivi mara nyingi haviumi," alisema. "Na wakati mwingine hufuata damu ya ukoo. Kwenu kuna aliyewahi kuugua?"

"Hakuna, daktari. Baba alikufa kwa tumbo tu."

"Tumbo gani?"

Sponji hakujua. Kwao lilikuwa neno moja tu, tumbo, na hakuna aliyewahi kulifunua.

Akaenda kuuliza kwa kaka yake. Kaka alikuwa anaoga. Shemeji akamkaribisha, akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Basi na wewe ni ule ule wa baba yenu, shemeji. Saratani ya utumbo. Afadhali umewahi. Mwenzio, kaka yako, anakaguliwa tangu zamani, na vinyama wameshamtoa mara mbili. Kwani hakukwambia?"

Kaka akatokea na taulo shingoni. Akaiona sura ya mdogo wake, akajua.

"Nilikuwa nalinda heshima ya mzee," akasema. "Ugonjwa wa huko nyuma! Watu wangesemaje? Nani angetaka kuoa au kuolewa kwetu?"

"Nilipokwambia naona damu, ulijua. Ukacheka."

"Sikutaka kukutisha."

"Wewe ukaenda kupimwa. Mimi ukanipa mto."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanyeje pale nguo yenyewe ndiyo iliyomfunika utotoni. Sponji alitaka kutukana, akakosa tusi. Huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Alimchukia, na akaona aibu kumchukia.

"Mdogo wetu usimwambie," Kaka akasema alipomwona anatoka. "Utamtia hofu bure."

Sponji alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akimpangia maneno njia nzima, namna ya kuanza bila kumshtua. Akamkuta sebuleni anakunja nguo. Dada alifurahi kumwona.

"Umekuja wakati wake, kaka! Nilikuwa nataka kukupigia. Nishonee na mimi ule mto wenye tundu."

Sponji alibaki amesimama mlangoni.

"Nani kakwambia habari za mto?"

"Si kaka mkubwa! Nilimweleza shida yangu ya damu tangu mwaka jana. Kasema tusihangaike, ni bawasiri tu, iko kwenye ukoo."